GITAA NA FIDLA KATIKA JUKWAA MOJA

Mhariri aliponiomba niandike makala ya maelezo katika jarida la mwaka huu, alinionya nisimletee "Umuhimu wa Maji" wala "Faida za Miti", kwani hayo tumeyaandika tangu darasa la nne. Kwa hivyo nimechagua muziki. Najua wapo watakaoguna, "Eti muziki wa roki katika jarida la Kiswahili!" Tafadhalini, someni mpaka mwisho ndipo mnihukumu.

Mjomba wangu ana kibanda cha kutengeneza redio. Miongoni mwa vitu vyake ni diski ya tamasha moja lililopigwa picha mjini London mwezi wa Septemba, 1999. Ndani yake bendi ya Kiingereza iitwayo Deep Purple, iliyoanzishwa mwaka 1968, inapiga muziki pamoja na London Symphony Orchestra. Upande mmoja wamo wazee wa roki na magitaa yao ya umeme. Upande wa pili wamo watu wengi waliovaa nadhifu, kila mmoja na karatasi mbele yake. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilinyamaza. Mara ya tatu nilianza kuuliza maswali, na makala haya ni majibu niliyoyapata.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Hapa kwetu tukisikia "okestra" tunakumbuka bendi za dansi, kama vile Orchestra Super Mazembe, zenye magitaa, ngoma na tarumbeta. Okestra ya simfoni ni kitu kingine. Ni kundi linaloweza kufika watu 80 hadi 100, nalo limegawanywa katika jamaa nne. Kuna jamaa ya nyuzi, yaani fidla na ndugu zake wakubwa hadi lile besi refu kumshinda mpigaji. Kuna vyombo vya kupuliza vya mbao, kama filimbi na zumari. Kuna vya shaba, kama tarumbeta. Mwisho kuna vyombo vya kupigwa, yaani ngoma na matoazi. Mbele yao husimama kiongozi mwenye kijiti kidogo. Huyo hapigi chombo chochote, lakini akikosea yeye, wote wamekosea.

Bendi ya roki nayo ni watu watano tu: mwimbaji, mpiga gitaa, mpiga besi, mpiga ngoma na mpiga ogani. Sasa basi, kuna ugumu gani kuwaweka pamoja? Nimehesabu mambo matatu.

La kwanza ni sauti. Fidla haina umeme. Sauti yake hutoka katika mbao na nyuzi tu. Gitaa la roki lina amplifaya na spika, na mtu mmoja akiamua anaweza kuwameza wapiga fidla thelathini kama chatu amezavyo sungura.

La pili ni kusoma. Mpigaji wa okestra husoma nota zilizoandikwa, naye hawezi kuongeza lake. Mpigaji wa roki huweka wimbo kichwani, na anapofika mahali pake pa kupiga peke yake hubuni papo hapo. Leo atapiga dakika moja, kesho dakika tatu. Watu themanini watajuaje amemaliza?

La tatu ni mwendo. Katika bendi, mpiga ngoma ndiye saa ya ukutani, naye hutakiwa asibadilike. Katika okestra saa ni mkono wa kiongozi, na mkono ule huweza kuvuta au kukaza mwendo apendavyo. Hapa nitawakumbusha fizikia kidogo. Sauti husafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde. Ikiwa mpiga ngoma yuko mita 17 kutoka kwa mpiga tarumbeta, mlio wa ngoma utamfikia yule wa tarumbeta baada ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Mtasema ni muda mdogo. Lakini katika muziki wa kasi huo ni muda wa kutosha kuharibu mambo. Ndiyo sababu wapigaji wa okestra hufundishwa kufuata mkono wa kiongozi kwa macho, wala si masikio pekee, kwani nuru haina mshindani katika mbio.

Mtu aliyethubutu kuyatatua hayo ni Jon Lord, mpiga ogani wa Deep Purple, aliyezaliwa mwaka 1941 huko Leicester. Huyu tangu utotoni alifunzwa piano kwa njia ya kusoma nota, halafu akapenda roki. Kwa hiyo alikuwa mtoto wa nyumba mbili. Mwaka 1969 alitunga muziki wa sehemu tatu akauita Concerto for Group and Orchestra, yaani koncheto ya bendi na okestra. Koncheto ni muziki ambao mpigaji mmoja, au wachache, husimama mbele ya okestra nzima wakajibizana. Kwetu sisi wa chama cha Kiswahili haitupi taabu kuelewa. Ni kama ngonjera. Huyu asema, yule ajibu, na hoja husonga mbele.

Tazameni alivyoipanga. Katika sehemu ya kwanza bendi na okestra ni mahasimu. Okestra huanza peke yake kwa muda mrefu, kisha bendi huvamia kwa kishindo, na tokea hapo kila mmoja hutaka kumnyang'anya mwenziwe uwanja. Hivyo tatizo la sauti likatatuliwa nusu, maana mara nyingi wanapokezana badala ya kupiga wote kwa pamoja. Sehemu ya pili ni ya taratibu. Humo mwimbaji Ian Gillan huimba maneno aliyoyatunga mwenyewe, na wale mahasimu huanza kusikilizana. Sehemu ya tatu ni ya kasi, nao huenda pamoja kama wakimbiaji wa mbio za kupokezana vijiti. Humo mpiga ngoma Ian Paice hupewa nafasi ya kupiga peke yake. Amalizapo, kiongozi huinua kijiti na okestra yote huingia.

Koncheto hiyo ilipigwa mara ya kwanza tarehe 24 Septemba, 1969, katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Ukumbi huo ulifunguliwa mwaka 1871, ni wa mviringo, na huingiza watu zaidi ya 5,000. Ulikuwa na sifa mbaya ya mwangwi, hata mwaka huo huo wa 1969 vikaning'inizwa vitu kama uyoga mkubwa chini ya kuba ili kuupunguza. Okestra iliyopiga ilikuwa Royal Philharmonic Orchestra, na kiongozi alikuwa Malcolm Arnold. Huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa mtunzi mwenye jina, aliyepata tuzo ya Oscar kwa muziki wa filamu ya The Bridge on the River Kwai ya mwaka 1957. Mtu wa daraja hiyo alipokubali kusimama mbele ya vijana wenye nywele ndefu, wengi walilazimika kutega sikio. Jon Lord alikuwa na umri wa miaka 28, na Ian Paice 21 tu. Na kwa bahati, kamera zilikuwepo. Naomba msomaji ulishike hilo la kamera, maana tutalirudia.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti 1970, koncheto ilipigwa tena Marekani, katika uwanja wa Hollywood Bowl. Baada ya hapo kikatokea kisa ambacho ndicho kilichonifanya niandike. Kitabu cha nota kilipotea! Kile alichokitumia kiongozi, chenye nota za kila chombo, hakikuonekana tena. Bila kitabu hicho okestra haiwezi kupiga hata mstari mmoja. Bendi yenyewe ikaendelea kupata umaarufu kwa nyimbo zake za kawaida, wanachama wakatoka na wengine wakaingia, na ile koncheto ikabaki katika sahani ya santuri na katika filamu tu. Miaka karibu thelathini ikapita.

Ndipo akatokea mtunzi wa Uholanzi, Marco de Goeij, akafanya kazi ambayo mimi naiona kubwa kuliko tamasha lenyewe. Aliketi na santuri na ile filamu ya 1969, akasikiliza na kutazama, akaziandika nota upya.

Huenda mtu akasema hilo ni jambo rahisi, kwani hata sisi husikiliza wimbo redioni tukauimba. Lakini hebu fikiri. Wewe huimba sauti moja, ile ya juu. Yeye alitakiwa kuandika kila sauti. Gitaa linaponguruma, fidla za katikati zinapiga nini chini yake? Zumari mbili zikilia pamoja, ipi ni ya juu na ipi ni ya chini? Hapo ndipo picha ilipokuwa na faida. Sikio likishindwa, jicho linaweza kuona ni nani aliyeinua chombo chake na nani ametulia. Lakini kamera nayo haionyeshi watu wote wakati wote. Pale ambapo sikio na jicho vyote vilishindwa, ilibidi kutumia akili ya mtunzi.

Kazi hiyo ilimfikia Jon Lord mwenyewe, naye bado alikuwa hai. Pamoja na Marco de Goeij na kiongozi wa okestra Paul Mann, waliipitia na kuziba mapengo. Tarehe 25 na 26 Septemba, 1999, miaka thelathini baada ya ile ya kwanza, koncheto ikapigwa tena katika ukumbi ule ule. Hiyo ndiyo diski ya mjomba.

Katika picha hiyo waimbaji na wapigaji si vijana tena. Jon Lord ana miaka 58 na nywele zake zimekuwa nyeupe. Mpiga gitaa wa zamani, Ritchie Blackmore, alikwisha kuondoka, na mahali pake yupo Steve Morse wa Marekani, ambaye hakumwiga mwenziwe bali alibuni yake. Tamasha halikuwa la koncheto pekee. Kila mwanabendi alileta muziki wake wa pembeni, akaja pia mwimbaji Ronnie James Dio kama mgeni, na mwishoni wote wakaimba Smoke on the Water, wimbo wa Deep Purple unaosimulia moto uliounguza jumba la starehe huko Montreux, Uswisi, mwaka 1971. Mimi hupenda zaidi kumtazama Ian Paice. Mikono yake inapiga ngoma, lakini macho yake yanamtafuta Paul Mann. Mtu aliyezoea kuwa saa ya wenziwe amekubali kufuata saa ya mtu mwingine.

Baadaye waliizungusha koncheto hiyo Amerika Kusini, Ulaya na Japani. Bendi nyingine nazo zimefanya ya namna hiyo, kwa mfano Metallica walipiga na San Francisco Symphony mwezi wa Aprili 1999. Jon Lord aliaga dunia tarehe 16 Julai, 2012, lakini kitabu chake sasa kipo, na okestra yoyote yaweza kuipiga koncheto yake.

Mtaniuliza, haya yote yatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Wanakwaya mnakumbuka wimbo wetu wa sauti nne, ule tuliotungiwa na mwalimu wetu wa zamani kabla hajahamishwa. Uliandikwa kwa do-re-mi katika daftari moja tu. Mwaka jana daftari likapotea. Tulilaumiana wiki nzima, lakini lawama hazikuturudishia hata nota moja. Kilichotuokoa ni simu ya mama yake msichana mmoja wa kidato cha pili, aliyeturekodi siku ya wazazi. Tulikaa wanne katika kibanda cha mjomba Jumamosi tatu, kwa kuwa sisi wa shule ya kutwa jioni kila mtu hukimbilia kwao. Sauti ya kwanza na ya pili tuliziandika siku moja. Besi ilituchukua siku nzima. Sauti ya tatu haikusikika kabisa, maana walioiimba walisimama mbali na simu, na karibu yake kulikuwa na mtoto mchanga anayelia. Tulipompigia mwalimu simu alicheka, akasema hata yeye ameisahau, tuitunge wenyewe. Tukaitunga.

Je, wimbo huo sasa ni wa mwalimu au ni wetu? Sijui, na wenzangu watatu mpaka leo hawajakubaliana. Mimi nafikiri Jon Lord na wenziwe walikutana na swali hilo hilo, wakaona heri koncheto yenye viraka kuliko ukimya.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi daftari lenyewe ndilo lililopotea! Kwa hiyo naomba rasmi kwa mwenyekiti wa chama na kwa walimu walezi: kila wimbo, kila shairi na kila mchezo utakaotungwa hapa uandikwe nakala mbili, moja ikae kwa katibu na ya pili katika maktaba ya shule. Gharama yake ni madaftari machache. Jumamosi zetu tatu tayari tumekwisha kulipa.

Kama kuna anayetaka kuiona diski hiyo, aniulize. Lakini aje na subira, kwani sehemu ya kwanza okestra hupiga muda mrefu kabla gitaa halijalia.