Vitabu Mgongoni mwa Ngamia: Sadaka Ipi Humfikia Mtoto wa Kijijini?

Katika nyumba zetu nyingi, siku ya kupanga kabati ndiyo siku ya kutoa sadaka ya vitabu. Mkono huenda kwanza kwa kile kilichopasuka jalada, kisha kwa kitabu cha mtaala uliokwisha kubadilishwa, na mwisho kwa hadithi ambayo hakuna mtoto wetu aliyeipenda. Tunafunga boksi, tunaandika juu yake kuwa ni la watoto wa vijijini, na nafsi zinatulia. Wiki hii tumeona vyema tuitazame sadaka hiyo kwa macho ya mtoto atakayelifungua boksi, pengine katika nchi ambayo hatujapata kuikanyaga.

Tuanzie Pakistan. Shule za nchi hiyo zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, watoto wa vijiji vinavyouzunguka mji wa Mand, jimboni Balochistan, karibu na mpaka wa Iran, walibaki bila masomo. Habari za kusoma kwa intaneti zilikuwa za watoto wa mijini. Bi Raheema Jalal, mwalimu mkuu wa shule ya sekondari ya huko, hakungoja mambo yatengemae. Mwezi Agosti mwaka huohuo alianza kuwapelekea vitabu kwa ngamia aitwaye Roshan, jina lenye maana ya mwangaza.

Roshan alibebeshwa vitabu, akaongozwa kijiji hadi kijiji. Watoto walimzunguka, wakachagua, wakasoma na kuazima. Aliporudi tena, walirejesha walivyovimaliza na kuchukua vingine. Vitabu hivyo vilitoka kwa jumuiya ya Alif Laila ya mjini Lahore, ambayo jina lake litawakumbusha wazee wetu Alfu Lela Ulela. Jumuiya hiyo ilianza mwaka 1978 kwa basi kuukuu la ghorofa lililogeuzwa kuwa maktaba ya watoto.

Tuuzingatie mgawanyo huo wa kazi. Kutoka Lahore hadi Mand ni zaidi ya kilometa 1,000. Wa mbali walitoa vitabu. Wa karibu ndio wanaoijua njia, wanaowajua wazazi, na wanaojua kitabu kipi kiko kwa mtoto yupi. Kwa jirani zetu wa Kenya, maktaba ya taifa ilianza mwaka 1996 kuwatumia ngamia kuwafikishia vitabu wafugaji wa upande wa Garissa. Huko nako, kitabu kilimfuata msomaji kwa usafiri anaoufahamu.

Basi kijana wetu anayetamani kwenda ughaibuni kujitolea, na familia inayotaka kuchangia, na waulize maswali mawili kabla ya kufunga mzigo. Kwanza, watoto wale husoma kwa lugha gani? Mtoto wa Mand huzungumza Kibalochi nyumbani na kukutana na Kiurdu shuleni. Boksi la hadithi zetu za Kiswahili, hata zikiwa nzuri namna gani, kwake lingekuwa mzigo mtupu juu ya mgongo wa ngamia. Mara nyingi nauli ya kusafirishia vitabu ingetosha kununua vingine katika soko la nchi ileile, kwa lugha inayosomeka huko.

Pili, nani atabaki navyo? Mgeni hukaa wiki mbili, hupiga picha, huondoka. Mtoto aliyeazima kitabu leo anahitaji mtu wa kumrudishia mwezi ujao. Pasipo mwalimu au mzazi wa pale aliyekubali kuibeba amana hiyo, tumepeleka karatasi; maktaba bado.

Dini yetu inatutaka tutoe katika vilivyo vizuri, wala tusiwapangie wengine kile ambacho sisi wenyewe tungekipokea kwa shingo upande. Mtoto wa kijijini naye hutambua kitabu kilichotupwa na kitabu alichochaguliwa.

Kwa hiyo, wazazi wenzetu, kabati litakapofunguliwa tena, tumwite mwanetu akae karibu. Tumuulize ni kitabu gani alikisoma mpaka akasahau chakula. Kisha tuulize, kwa wale tunaotaka kuwasaidia, kitabu cha namna hiyo kinapatikana wapi kwa lugha yao. Hapo ndipo sadaka yetu, inshaallah, itakapoanza safari.