Robo Noti Ni Ndefu Kiasi Gani?

Juu ya karatasi nyingi za muziki wa kwaya, upande wa kushoto, kabla ya noti ya kwanza, limeandikwa neno la Kiitaliano: Andante, Allegro, pengine Moderato. Ni rahisi jicho kuliruka na kukimbilia maneno ya wimbo. Hata hivyo, noti zote zilizo chini yake zinalitegemea.

Noti hupimana zenyewe kwa zenyewe. Nusu noti ina robo mbili, noti nzima ina robo nne. Lakini hiyo robo hudumu muda gani? Ikichukua sekunde moja, wimbo unafaa kwa maandamano ya taratibu. Ikichukua nusu sekunde, wimbo uleule unawanyanyua watu vitini.

Maneno yanayojibu swali hilo ni ya Kiitaliano kwa sababu Waitaliano ndio waliotangulia katika muziki wa Ulaya yalipoanza kuzoeleka, karne ya 17. Andante linatokana na kitenzi cha kwenda. Allegro, ambalo wanamuziki hulisoma kama “haraka”, kwa Mwitaliano wa kawaida ni “mwenye furaha”. Basi mtunzi anataja hali ya moyo, na mwimbaji ndiye anayekisia kasi. Wimbo wa haraka wenye huzuni uandikwe nini? Beethoven alilalamikia jambo hilohilo katika barua ya mwaka 1817.

Wengine walitafuta kipimo mwilini. Johann Joachim Quantz, mpiga filimbi aliyemfundisha Mfalme Frederick wa Prussia, alishauri katika kitabu chake cha mwaka 1752 watu watumie mapigo ya mshipa: ya mtu mwenye afya na mchangamfu, baada ya chakula cha mchana, yapata 80 kwa dakika. Katika Allegretto, kila robo noti ichukue pigo moja. Katika Adagio ya kuimbika, mapigo mawili. Ni kipimo kizuri ajabu, kwani kila mtu anacho mkononi, ingawa mioyo haifanani.

Uzi wenye uzito unaobembea nao ulijaribiwa. Tatizo ni urefu: ili upige mara 40 kwa dakika, uzi lazima uzidi mita mbili. Mnamo 1814, Dietrich Nikolaus Winkel wa Amsterdam aligundua kwamba ufito mfupi wenye uzito pande zote mbili za mhimili unaweza kwenda polepole vilevile. Johann Nepomuk Maelzel akalichukua wazo hilo, akaongeza vipimo vya namba, na mwaka 1815 akakisajili chombo kwa jina lake. Ndiyo metronomu. Herufi M.M. zinazoonekana kwenye karatasi za zamani zinamtaja Maelzel. Winkel, mwenye wazo, hana hata herufi moja.

Beethoven alikipokea chombo hicho kwa shauku, na mwaka 1817 akachapisha namba za simfoni zake nane za mwanzo. Hatimaye kasi ingeandikwa bila utata! Kisha ikaja sonata yake ya piano ya Hammerklavier, ambayo sehemu yake ya kwanza aliiwekea nusu noti 138 kwa dakika. Hiyo ni zaidi ya nusu noti mbili kila sekunde, tena katika muziki uliojaa akodi nzito za mikono yote miwili. Wapo wanaodai metronomu yake ilikuwa mbovu. Wengine husema aliisikia kasi hiyo kichwani tu, kwa kuwa masikio yalikuwa yamekwisha kumwacha. Wapiga piano wengi huipunguza. Artur Schnabel, katika rekodi yake ya mwaka 1935, aliikimbilia namba hiyo kwa ujasiri, na vidole vyake vinasikika vikikosea njiani.

Brahms alichukua njia nyingine. Aliweka namba za metronomu katika Rekwiemu yake ya Kijerumani, baadaye akataka zifutwe, yakabaki maneno.