Mashine za Hospitali Zilizokodiwa: Nani Alilipa, na Alilipia Nini?

Mwezi wa Februari mwaka wa 2015 Serikali ya Kenya ilitia sahihi mikataba na makampuni 5 ya ng'ambo ili hospitali 98 zipate mashine mpya. Hospitali hizo zilikuwa 2 katika kila kaunti, pamoja na 4 za taifa. Watu wengi walidhani kwamba mashine zilinunuliwa. Sivyo, zilikodiwa kwa miaka 7, na yafaa kueleza maana ya jambo hilo, kwa sababu fedha zilikatwa katika mafungu ya kaunti.

Zamani hospitali ilipopewa mashine ya eksirei, ilikuwa mali yake pamoja na taabu zake zote. Ikiharibika, kipuri kiliagizwa kutoka mbali, na mgonjwa alingoja au alirudi kwao. Mkataba wa kukodi ulikusudiwa kuondoa shida hiyo. Kampuni ilipaswa kuleta mashine, kuiweka mahali pake, kuwafundisha watumishi na kuitengeneza inapoharibika. Nayo Serikali ilipaswa kulipa mwaka kwa mwaka. General Electric ya Marekani ilipewa kazi ya mashine za picha, Philips ya Uholanzi vyumba vya wagonjwa mahututi, Mindray ya Uchina vyumba vya kupasulia, Esbe Write ya Uhindi vyombo vya kuua vijidudu katika vifaa vya upasuaji, na Bellco ya Italia mashine za kusafisha damu ya wenye ugonjwa wa figo.

Katika hizo zote, mashine za figo ndizo zilizoonyesha faida iliyo wazi kabisa. Mtu ambaye figo zake zimekufa huhitaji kusafishwa damu mara 2 au 3 kila juma, na kila mara hulala kando ya mashine kwa muda wa saa 4 hivi. Kama mashine iko mji mwingine, mtu huyo hawezi kulima wala kuajiriwa; maisha yake huwa ni safari tu. Kuipata katika hospitali ya kaunti yake si jambo dogo.

Lakini mashine hiyo haifanyi kazi peke yake. Kila inapomhudumia mgonjwa mmoja hutumia lita 120 hivi za maji yaliyosafishwa sana, na umeme usiokatika, na muuguzi aliyefundishwa kazi hiyo. Maji, umeme na mshahara wa muuguzi havikuwa juu ya kampuni. Vilikuwa juu ya kaunti, ambazo zilikabidhiwa kazi za afya mwaka wa 2013 kwa Katiba ya 2010. Kamati ya Seneti iliyochunguza mpango huo ilitoa ripoti mwaka wa 2020, nayo ilieleza kwamba katika hospitali kadhaa mashine zilikaa bure kwa kukosa mambo hayo. Hata hivyo malipo hayakusimama. Kila kaunti ilikatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka hapo mwanzo, kisha yakafika milioni 200, na magavana walilalamika kwamba hawakuonyeshwa mikataba yenyewe.

Mkulima akikodi trekta hulipa kwa ekari zilizolimwa. Hapa, kwa maoni yetu, trekta ililipiwa hata siku ilipoegeshwa chini ya mti.

Kwa sababu hiyo, mpango uliotungwa baada ya mikataba hiyo ulikusudia malipo yafuate huduma: kampuni ilipwe kwa mgonjwa aliyehudumiwa, kwa fedha za bima mpya ya afya iliyoanza Oktoba 2024. Hivyo mashine ikikaa bure, kampuni nayo hupata hasara. Ni utaratibu wa haki zaidi, ijapokuwa una hatari yake. Katika kaunti zenye watu wachache, ambako wagonjwa wa figo huenda wasizidi kumi, kampuni yaweza kuona kwamba kazi hailipi, na mgonjwa wa huko atalazimika kupanda basi tena.