Kabla ya Kutoboa, Chimba Uone

Nyasi zinazobaki na rangi ya manjano hata baada ya kumwagiliwa na kutiwa mbolea, mara nyingi hazina kiu wala njaa. Zimekosa hewa. Mzizi hupumua: huvuta oksijeni na kutoa hewa ukaa, na oksijeni hiyo huipata katika matundu yaliyo baina ya chembe za udongo. Udongo wenye afya huwa na matundu karibu nusu ya ujazo wake, nayo hugawanwa na maji na hewa. Udongo ukikanyagwa, matundu makubwa ndiyo huzibika kwanza, na hayo ndiyo yaliyokuwa yakishusha maji na kuingiza hewa. Hubaki yale madogo yanayong'ang'ania maji, na ndani ya maji oksijeni husambaa polepole mno, takriban mara 10,000 pungufu ya inavyosambaa hewani. Ndiyo maana uwanja ulioshindiliwa unaweza kulowa chapachapa huku nyasi zake zinanyauka.

Mwenye nyumba huambiwa atoboe udongo ili hewa iingie. Ushauri ni mzuri, lakini kuna kutoboa kwa namna nyingi, na namna nyingine huzidisha tatizo. Kabla hujaulizia chombo, jua ugumu umekaa kina gani.

Miguu ya watu hushindilia hasa sentimita 5 hadi 8 za juu. Njia ya mkato kutoka getini hadi bombani, eneo la mbele ya goli, mahali watoto wanaporuka kamba: pote hapo ugumu uko karibu na uso. Gari zito ni habari nyingine. Lori lililomwaga matofali wakati wa ujenzi hushindilia hadi sentimita 30 na zaidi, na mara nyingi mafundi humaliza kazi kwa kutandaza kifusi na kupanda nyasi juu yake. Hizo ni shida mbili tofauti, na chombo kinachotibu ya kwanza hakigusi ya pili.

Njia ya kuzitofautisha ni rahisi. Siku moja au mbili baada ya mvua, chukua bisibisi ndefu uisukume ardhini kwa mkono. Ikishuka yote bila kukushinda, achana na habari ya kutoboa, tafuta sababu nyingine. Ikigoma, pima imegomea wapi. Kisha chukua sepeto, ukate kipande cha nyasi chenye upana wa mkono mmoja na kina cha sentimita 20, ukiinue pamoja na udongo wake na kukilaza ubavuni. Tazama mizizi. Penye udongo laini hushuka wima, myeupe, imetawanyika. Penye ugumu utaona imeshuka kidogo, kisha imepinda na kutambaa kwa ulalo, imejibana katika tabaka moja. Hapo ilipopindia ndipo penye ugumu. Vunja udongo kwa vidole: ulioshindiliwa hukatika kwa mabamba bapa, wakati mzuri humomonyoka kwa vipande vidogo vidogo. Unuse pia. Harufu ya uozo na madoa ya kijivu ni dalili kwamba maji yametuama kwa muda mrefu bila hewa. Kipande kirudishe mahali pake, kikanyage kidogo, kimwagilie maji; kitashika tena.

Tuseme umekuta ugumu uko juu. Chombo kinachouzwa sana ni cha misumari: rola yenye meno, au viatu vya kuvaa na kutembea navyo uwanjani. Mimi sivishauri kwa udongo wa mfinyanzi. Msumari hautoi udongo. Unausukuma pembeni na chini. Ni sawa na abiria anayejipenyeza kwenye matatu iliyojaa: amepata pa kusimama, lakini waliomo wamebanana zaidi. Kuta za tundu hulainika na kuziba, hasa udongo ukiwa umelowa, na baada ya mvua chache tundu lenyewe hufumba. Viatu vya misumari vina kasoro ya ziada, kwani uzito wote wa mvaaji unashuka juu ya udongo uleule anaotaka kuuokoa. Msumari una nafasi yake pale ambapo uso tu umefanya gamba na chini ni laini, au kwenye udongo wa kichanga.

Kwa ugumu wa juu, kinachofaa ni kuung'oa udongo. Mashine za kazi hiyo zina mirija ya chuma iliyo wazi katikati, ambayo huzama, hukata kijiti cha udongo na kukiacha juu ya nyasi. Viwanja vya gofu huzitumia. Kwa uwanja wa nyumbani, fundi wa kuchomelea vyuma anaweza kukutengenezea chombo cha mkono: vipande viwili vya bomba la chuma la nusu inchi, vimenolewa ncha, vimeunganishwa na chuma cha kukanyagia na mpini wa kufikia kiunoni. Mwambie aache uwazi upande mmoja wa kila bomba, juu ya sehemu inayozama, ili kijiti kilichotangulia kitolewe na kinachofuata. Bila uwazi huo bomba litaziba kabla hujafika mbali.

Hesabu ya matundu inawapita wengi. Ukitoboa kila baada ya sentimita 10, mita moja ya mraba ina matundu 100. Tundu la upana wa sentimita moja na nusu lina eneo lisilofika sentimita 2 za mraba, kwa hiyo matundu yote 100 yamefungua chini ya asilimia 2 ya uso. Ukikaribisha hadi sentimita 5, yanakuwa 400 na umefungua kama asilimia 7. Kupita mara moja kwa matundu yaliyoachana, basi, kunaleta nafuu ndogo sana. Ni afadhali utoboe vizuri sehemu tatu zinazokanyagwa sana kuliko kuusambaza uchovu wako uwanja mzima. Kina kiwe sentimita 7 hadi 10, ili mrija uvuke tabaka gumu na kufika penye ulaini. Ukiishia katikati ya ugumu, umechimba kisima cha kutunzia maji.

Ugumu ulioachwa na lori au kifusi hautibiki kwa mrija mfupi. Hapo chukua uma wa bustani wenye meno marefu, uzamishe wote, kisha uvute mpini nyuma kidogo mpaka usikie ardhi ikiinuka na kupasuka chini. Usiigeuze. Rudia kila baada ya sentimita 15. Kazi hiyo inachosha, sifichi. Na kama sepeto limekuonyesha saruji na vipande vya matofali chini ya nyasi, ushauri wangu ni kung'oa nyasi, kutoa kifusi, kulima sentimita 30, kuchanganya mboji na kupanda upya. Utatumia nguvu mara moja badala ya kuhangaika kila msimu.

Aina ya udongo nayo ina kauli yake. Udongo mwekundu wa nyanda za juu, kama wa Kiambu, una asili ya kupitisha maji vizuri, hivyo ukishafunguliwa huitika haraka. Nyasi za Kikuyu, ambazo kwao ni nyanda hizi za Afrika Mashariki, hutambaa kwa nguvu na kufunika matundu upesi. Ila hujirundikia tabaka nene la mashina makavu, na bustani ikibonyea kama godoro unapotembea, hilo ndilo la kushughulikiwa kwanza kwa reki. Udongo mweusi wa mbuga huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukiwa mbichi huganda kwenye mrija, ukiwa mkavu hauingiliki. Kwa huo, tumia uma katika siku chache unapokuwa na unyevu wa wastani, uchimbe mifereji ya kutoa maji, na utie mboji mwaka hadi mwaka. Mchanga wa pwani haushindiliki sana. Bustani ya huko ikiwa ngumu, kagua kifusi kilicholetwa kusawazisha kiwanja.

Fanya kazi hii nyasi zinapokua kwa nguvu, mvua za masika au za vuli zikiwa zimeshashika. Finyanga udongo kidogo kiganjani: ukifanya tonge linalovunjika ukiligusa kwa kidole, anza. Ukinata kama ugali, subiri. Ukiwa vumbi, mwagilia na ungoje siku moja.

Vijiti vya udongo viache juu vikauke, uvivunje kwa mgongo wa reki. Kisha tandaza mboji iliyochekechwa, nusu sentimita tu, na uifagie iingie matunduni. Mboji hiyo hualika nyungunyungu, na hao ni watoboaji wasiolipwa. Charles Darwin alitoa kitabu kizima juu yao mwaka 1881. Mchanga mwembamba juu ya mfinyanzi siupendekezi, kwani ukiwa kidogo haubadilishi kitu. Dawa za maji zinazouzwa kwa ahadi ya kulegeza udongo nyingi zina vitu kama sabuni, vinavyosaidia maji kupenya lakini havirudishi matundu. Jasi nayo hufaa udongo wenye magadi mengi. Kwenye mwingine utapoteza pesa.

Baada ya yote, tazama tena ile njia ya kwenda bombani. Watu wataendelea kuipita, kwa sababu ndiyo fupi. Panga mawe bapa kwa hatua ya mtu mzima, yazame usawa wa nyasi ili mashine ya kukatia ipite juu. Kwenye uwanja wa shule, hamisha magoli mita chache kila muhula. Na gari la mgeni lielekezwe barabarani, hasa siku za mvua, hata kama mgeni ni mkwe.