Pikipiki ya Nyumba Kabla ya Safari ya Ughaibuni

Katika mitaa ya Ngamiani, Makorora na Mabawa, mjini Tanga, ambako nyumba zimesogeleana na vichochoro vingi havipitiki kwa gari, ziko ahali nyingi zinazoishi kwa pikipiki moja. Na siku baba wa nyumba anapoazimia kwenda Maskati, Doha au Dubai kutafuta riziki, jambo la kwanza kujadiliwa barazani, kabla ya pasipoti na kabla ya nauli, ni kama pikipiki itauzwa au itabaki. Aghalabu huuzwa. Nimeliona jambo hili likitokea kwa majirani na kwa jamaa zangu, na kila mara nimeona kwamba waliokaa kupiga hesabu walipima thamani ya chuma, wakasahau kazi ambayo chuma hicho kilikuwa kikiifanya tangu alfajiri hata usiku wa manane.

Inafaa kwanza tueleze jinsi chombo chenyewe kinavyopatikana. Bodaboda zilipoanza kuzagaa Tanzania nyingi zilikuwa za Kichina, kisha Boxer na TVS za Kihindi zikazipiku kwa ustahimilivu na kwa wepesi wa kupata vipuri, na kanuni za mwaka 2010 zikaitambua pikipiki kuwa chombo halali cha kuchukua abiria kwa malipo. Kijana asiye na mtaji hupewa pikipiki na tajiri kwa mkataba: kila siku apeleke hesabu, yaani malipo ya siku, mpaka muda waliokubaliana utimie, ndipo kadi ya pikipiki iandikwe jina lake. Apelekaye shilingi 10,000 kwa siku sita za juma huwa amelipa 3,120,000 yanapotimia majuma 52, na katika muda huo wote mvua, homa, pancha na faini havimpunguzii deni hata senti moja. Kwa hiyo kadi ile, ambayo huwekwa sandukuni pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa watu wengi ni mali ya kwanza ya thamani waliyopata kuimiliki kwa maandishi.

Sasa tuitazame siku moja ya chombo hicho. Usiku hulala ndani, katika ukumbi mrefu uipitao nyumba ya Kiswahili katikati, kwa kuhofia wezi, na mtoto aamkaye kwenda msalani huzoea kuupita usukani gizani kwa kupapasa. Baada ya sala ya alfajiri baba huweka ubao juu ya ngazi ya baraza, akaiteremsha pikipiki polepole huku ameshika breki, wala hapigi kiki mpaka afike njiani, kwa kuwastahi majirani ambao bado wamelala. Safari ya kwanza ni ya Deep Sea, kuwahi samaki wanaposhushwa, kwa kuwa mama watoto anakaanga na kuuza. Tenga hufungwa nyuma kwa mpira uliokatwa katika tyubu kuukuu, na akirudi nyumbani kiti huoshwa kwa maji na sabuni, maana abiria wa asubuhi hataki kukalia vumba. Ndipo watoto wapelekwe shule, na baba aende kijiweni kutafuta riziki ya siku hiyo mpaka jioni.

Mama naye akiwa na safari ya sokoni Mgandini hukaa upande, na kabla klachi haijaachiwa mumewe humkumbusha kwa sauti ya mazoea, "Mama watoto, kusanya buibui." Naye hulikusanya pindo, akalikunja na kulikalia, kisha husema, "Tayari, twende." Maneno hayo mtu mgeni huyasikia akayadhani ni mapenzi tu, na mapenzi yamo, lakini pindo likinaswa na mnyororo au likiingia katika spoku humvuta mtu chini kwa ghafla, na wapo wanawake waliovunjika viungo kwa sababu hiyo.

Siku ya mapumziko asubuhi, pikipiki huoshwa na kukaguliwa uani. Hapo ndipo mtoto wa kiume, na siku hizi wa kike pia, hupata elimu isiyofundishwa darasani: afungue plagi na kuisugua, aushike mnyororo kwa vidole kujua kama umelegea, aione oili iliyomwagwa jinsi ilivyogeuka nyeusi na aambiwe kwa nini injini huharibika ikikawizwa. Mimi nayahesabu mafunzo hayo kuwa sehemu ya malezi, na baba anayeondoka huondoka nayo.

Kisha uko usiku. Mwanamke akishikwa na uchungu saa nane, au mtoto akipata degedege, pikipiki ile iliyolala ukumbini ndiyo inayotangulia kufika hospitali ya Bombo, mara nyingine ikiwa imembeba mgonjwa katikati na shangazi nyuma akimshikilia. Sheria inakataza kupakia mishikaki namna hiyo, na sheria ina haki. Nami sisemi haya ili kuhalalisha hatari, bali kuonyesha dharura ambayo jirani asiye na chombo huijia kwa kugonga mlango wa mwenye nacho.

Hatari yenyewe si ndogo. Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, imewapokea majeruhi wengi wa bodaboda, na Shirika la Afya Duniani limeeleza kwa miaka mingi kwamba kofia ngumu hupunguza uwezekano wa mpanda pikipiki kufa ajalini kwa kadiri ya asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hata hivyo utamwona baba amevaa yake na mtoto aliyemkalisha juu ya tangi yuko kichwa wazi. Hili halina udhuru. Apataye pesa za kununua king'ora cha kuzuia wezi anaweza kununua kofia ya mtoto.

Majuma ya mwisho kabla ya safari, pikipiki hufanya kazi kuliko wakati wowote. Mume humpakia mkewe wakaenda Muheza, wakaenda Pangani, na vijiji vya kandokando, kuaga wazee na kuomba radhi, maana si adabu mtu kuvuka bahari na mjomba wake hajamtemea dua. Kisha wakala wa ajira huja na madai yake: ada, vipimo, viza, na kitu cha kuharakisha. Hapo ndipo dalali wa pikipiki huitwa, na chombo kilicholipiwa mwaka mzima huuzwa kwa siku moja, kwa bei ya mtu mwenye haraka.

Ningependa kila aliyefikia hatua hiyo ajue mambo mawili. La kwanza, Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba wakala wa ajira asimtoze mfanyakazi ada wala gharama. Na sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi gharama za kumwajiri. Kwa hiyo anayekuomba uuze chombo chako ili akupatie kazi huko, yakupasa umwulize kwanza pesa hizo ni za nini, na akupe jibu kwa maandishi.

La pili, ufundi wa kijiweni hauvuki bahari mzima mzima. Wengi huenda wakitumaini kuchukua vifurushi na vyakula kwa pikipiki. Lakini kote Ghuba vyombo hupita kulia, kipilefti huzungukwa kwa upande ulio kinyume na ule waliouzoea, leseni ya nyumbani haimtoshi mtu kuanza kazi, na joto hupanda hata Qatar, kwa uamuzi wa mwaka 2021, ikakataza kazi za juani baina ya saa 4 asubuhi na saa 9 na nusu alasiri, tangu tarehe 1 Juni hata 15 Septemba. Msafiri, kwa hiyo, huenda kuanza upya, na miezi ya mwanzo si ajabu asitume kitu. Ilhali kule Makorora mkewe sasa analipa nauli ya bodaboda ya mwingine kwenda Deep Sea, faida ya samaki inaishia njiani, na watoto wanakwenda shule kwa miguu.

Rai yangu ni kwamba pikipiki ibaki, na ikiwezekana mwenye kuiendesha awe mke mwenyewe. Tanga ni mji wa baiskeli, ambako wanawake wamepanda tangu zamani bila ya mtu kushangaa. Aliyemudu baiskeli hatashindwa na Boxer, akipewa mafunzo na leseni. Wasaa wa kumfundisha ni huu kabla ya safari, katika uwanja ulio wazi, siku za Jumapili jioni, si baada ya mume kuondoka.

Na kama mke hataki, apewe kijana mwaminifu kwa hesabu ya kila juma. Andikishaneni mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mashahidi wakiwapo. Itajwe nani atakayelipa bima na nani atakayetengeneza chombo kikiharibika. Kadi akae nayo mama watoto, na hesabu ipokewe kwa mkono wake, wala si kwa mkono wa shemeji. Fanyeni hayo kabla ya kukata tiketi.