Ukikodi fleti Nairobi na mtoto mdogo, piga magoti kwanza

Likizo ya Agosti ikikaribia, wengi wetu hapa Mombasa, Kwale na Kilifi hufunga mizigo tukapanda treni kwenda Nairobi, ama kuhudhuria harusi, ama kuwaonyesha watoto simba na makumbusho. Zamani tulifikia kwa ami au shangazi. Siku hizi nyumba za jamaa ni ndogo, na gharama za maisha zimewabana, kwa hivyo twakodi fleti kwa siku tatu nne. Si jambo baya. Lakini ukiwa na mtoto mdogo, yule aliyeanza kutembea juzi na ambaye hushika kila akionacho, kuna mambo ambayo picha za kwenye simu hazikwambii.

Mimi nilijifunza kwa kushtuka. Mwaka jana tulikwenda wanne: mimi, mama watoto, binti yetu wa miaka 9 na kitinda mimba wa miezi 18. Nilichagua fleti ya ghorofa ya sita mtaa wa Kilimani kwa sababu moja tu: roshani yake ilitazama mji mzima. Hata mabegi hatujayafungua, nikasikia mama watoto akipiga yowe. Mtoto alikuwa ametoka hadi roshani na ameshapanda chuma cha pili. Vyuma vile vilikuwa vimelazwa mfano wa ngazi. Mamake alimdaka kwa shati. Alhamdulillahi. Siku zote zilizobaki mlango ule ulikaa umefungwa na kochi limeegemezwa mbele yake. Mandhari niliyoyalipia sikuyaona tena.

Kosa lilikuwa langu. Nilichagua nyumba kwa macho ya mtu mzima. Sasa, kabla sijatuma hata shilingi, naomba mwenye nyumba anipigie simu ya video na anizungushe nyumba nzima. Ninayoyatazama ni haya.

Kwanza ni roshani na madirisha. Vyuma vilivyosimama wima ni bora kuliko vilivyolala, kwa sababu mtoto hapati pa kukanyaga. Kisha tazama mwanya. Kanuni za ujenzi za Uingereza zataka mwanya usipitishe mpira wa upana wa sentimita 10, pale ambapo watoto wa chini ya miaka mitano huenda wakawepo. Ni kipimo kizuri hata kwetu. Uliza kama mlango wa roshani una kufuli au komeo la juu. Viti, meza na vyungu vya maua viondolewe karibu na vyuma na madirisha, maana hivyo ndivyo vipandio. Ukipata fleti ya chini yenye madirisha ya vyuma, ichukue. Utakosa mandhari lakini utalala.

Pili ni lifti na ngazi. Uliza: stima ikipotea, jengo lina jenereta ya kuendesha lifti? Kama halina, jipime. Ghorofa ya sita, mtoto begani na begi mkononi, si mchezo.

Tatu ni maji. Mitaa mingi ya Nairobi hupata maji ya mfereji kwa zamu, kwa hivyo uliza kama jengo lina tangi la kutosha. Majengo mengine hutumia visima, na maji ya visima vingi vya Nairobi yana floraidi nyingi. Kuyachemsha hakuiondoi. Maziwa na uji wa mtoto ni heri vipikwe kwa maji ya chupa. Kuhusu maji moto, hita za bafuni hubadilika ghafla. Usimweke mtoto chini ya bomba. Changanya maji kwenye beseni, yapime kwa kiwiko, ndipo umwogeshe.

Nne ni baridi, na hapa sisi watu wa Pwani ndipo twateleza. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo ya baridi. Fleti nyingi hazina hita ya chumba. Uliza kama kuna blanketi za kutosha, na umbebee mtoto soksi na sweta. Kamwe usiingize jiko la makaa chumbani ili kupasha joto. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini.

Tano ni mahali penyewe. Fleti ya bei nafuu iliyo mbali itakula pesa zako kwa teksi, na mtoto atalia kwenye foleni ya magari. Treni yetu huishia Syokimau, si katikati ya mji. Ukiwa na shughuli upande huo, South C i karibu, ina misikiti na maduka ya halali. Parklands nayo i karibu na makumbusho ya taifa na hospitali kubwa. Treni ya alasiri hufika usiku, kwa hivyo hakikisha mapema nani atakupa ufunguo, na mlinzi wa lango awe na jina lako.

Mwenye nyumba akikataa kukuonyesha kwa video, au akikuharakisha utume pesa zote kwanza, mwache. Fleti Nairobi si adimu.

Na ukishafika, fanya hili kabla ya kufungua begi. Mtoto abaki mikononi mwa mamake, wewe piga magoti, utambae chumba kwa chumba. Utaona tundu za stima, nyaya za televisheni, kona za meza ya kioo, sabuni na dawa za kuua wadudu chini ya sinki. Vya kuinua viinue, vya kufunga vifunge. Ni dakika kumi tu. Binti yangu alinicheka nilipofanya hivyo safari iliyofuata, lakini ndiye aliyeona chupa ya dawa ya choo nyuma ya mlango.

Mtume wetu (S.A.W.) alimfundisha yule mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Nasi tufunge mlango wa roshani kwanza, kisha tuombe safari njema.