Kimiko Date, mwanamke wa kariere mbili za tenisi

Bandugu balisanse, hapa kwetu ukifika miaka 28 bila kazi, batu banaanza kukuambia wakati umepita. Njo maana leo naleta habari ya Kimiko Date, Mujapani aliyezaliwa Kyoto mwaka 1970.

Kariere yake ya kwanza ilienda mbio. Alianza kucheza kwa kulipwa mwaka 1989. Alifika nusu-fainali Australia (1994), Roland Garros (1995) na Wimbledon (1996), tena mwaka 1995 alikuwa wa 4 duniani. Mbele yake hakuna mwanamke wa Japani aliyeingia hata kumi ya kwanza.

Alifanyaje? Mwili wake haukuwa mkubwa, 1 m 63 tu. Siri ilikuwa wakati. Hakungoja mpira upande juu halafu ushuke. Aliupiga palepale unapoinuka kutoka chini. Ukiupiga mapema vile, nguvu ya mwenzako njo inakufanyia kazi, na yeye anakosa muda wa kujipanga. (Na kumbe kwa kuzaliwa ni wa mkono wa kushoto, lakini raketi anashika na wa kuume!)

Aprili 1996, kule Tokyo, alimushinda Steffi Graf 7-6, 3-6, 12-10. Miezi kidogo nyuma wakakutana tena Wimbledon: seti moja kwa moja, giza likaingia, wakasimamisha. Kesho yake Graf akamaliza 6-3. Mwaka uleule Date akaacha tenisi, miaka 26. Maisha ya kusafiri bila kupumzika yalikuwa yamemuchosha.

Akakaa karibu miaka 12. Akaolewa na Michael Krumm, Mujerumani wa mashindano ya magari, na 2004 akakimbia marathoni ya London. Sisi ba agronomia tunajua: shamba lililolazwa haliko shamba la bure, chini mizizi inaendelea.

2008 akarudi, miaka 37. Lakini jina kubwa halirudishi pointi. Alianzia mashindano madogo ya kwao Japani, na ili aingie Australia 2009 alipitia kwanza mechi za kuchujwa, pamoja na wasichana waliokuwa watoto wakati yeye anapambana na Graf. Tarehe 27 Septemba 2009 akachukua taji Seoul. Kesho yake akatimiza miaka 39! Wimbledon 2011, miaka 40, Venus Williams alimushinda kwa jasho: 6-7, 6-3, 8-6. Mwaka 2013 akafika duru ya tatu palepale, miaka 42, mpaka Serena akamusimamisha.

Hii ya pili hakurudi tena karibu na namba 4. Lakini mimi naiona kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu kila mechi aliitafuta kutoka chini.

Aliaga Septemba 2017 Tokyo, karibu miaka 47, goti na bega vimeshaumia. Mechi ya mwisho alipigwa 6-0, 6-0.